Mzigo usio na wa kuupokea stendi

Februari 2021, gari la utafiti la Perseverance lilipotua kwenye sayari ya Mars, lilikuwa limebeba kipande kidogo cha plastiki ngumu, ile inayotengenezewa vioo vya helmeti za wanaanga, kikiwa kimeandikwa namba ya pekee. Kazi yake ya kwanza ni ya kisayansi: ala iitwayo SHERLOC hukielekea ili kujipima kama bado inaona sawasawa. Kazi ya pili ni ya mchezo. Namba ile imesajiliwa katika tovuti ya jiokashingi, mchezo wa kutafuta makasha yaliyofichwa kwa kufuata setilaiti, na aliyeisoma kwenye picha zilizotumwa kutoka huko aliweza kuandika kwamba amekiona. Kipande hicho kiko mamilioni ya kilomita kutoka duniani, na anayetaka kujua kilipo anajua. Wakati huohuo vidude vingi mno vya aina yake, vilivyoachwa kwenye bustani na misitu ya Ujerumani, Uingereza na Marekani, mwendo wa dakika chache kutoka majumbani mwa watu, havijulikani viliko.

Kwa msomaji ambaye hajakutana na mchezo huu, historia yake si ndefu. Hadi mwanzoni mwa Mei 2000 serikali ya Marekani ilikuwa ikizivuruga kwa makusudi ishara za GPS zinazowafikia raia, hivi kwamba kifaa cha mkononi kingeweza kukosea kwa mita mia moja hivi. Vurugu hiyo ikazimwa. Siku iliyofuata, tarehe 3 Mei, Dave Ulmer alificha ndoo porini karibu na Beavercreek, jimbo la Oregon, ndani yake mkiwa na vitabu, kombeo na kopo la maharage miongoni mwa vitu vingine, kisha akatangaza mahali ilipo kwa latitudo na longitudo. Anayeipata achukue kitu na aache kitu. Kutoka kwenye ndoo ile yamezaliwa makasha zaidi ya milioni tatu katika nchi zaidi ya 190, Kenya na Tanzania zikiwemo. Mengine ni makubwa kama debe, mengine hayazidi ncha ya kidole.

Mwaka 2001 likaongezwa jambo lililoupa mchezo moyo mpya. Kampuni ya Seattle inayoendesha tovuti kubwa ya mchezo huu ilianza kuuza Travel Bug, kibamba cha chuma kama kile wanachovaa askari shingoni, kila kimoja na namba yake. Mwenye nacho hukifunga kwenye mwanasesere, gari la kuchezea, ufunguo wa zamani au chochote apendacho, hukipangia safari, labda kifike baharini, labda kivuke Skandinavia nzima na kurudi nyumbani, halafu hukiacha ndani ya kasha. Anayekikuta anaruhusiwa kukibeba kwa sharti kwamba atakisogeza hadi kasha jingine na kuandika kwenye tovuti alikokitoa na alikokiweka. Mwenyewe, aliyekaa nyumbani, huona mstari ukirefuka kwenye ramani na kilomita zikijumlishwa. Zipo pia sarafu maalumu zenye namba kama hizo, nyingine nzuri kama vito. Vyote nitaviita vidude, kwa sababu thamani yao haiko kwenye chuma wala plastiki. Iko kwenye ule mstari. Na siku moja, kwa vidude vingi kuliko wenyewe wanavyotaka kuamini, mstari unakoma.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa daftari lipo, tena limepangwa vizuri kuliko la maduka mengi, na mali inapotea vilevile. Ukurasa wa kasha unaonyesha kwamba kidude kimo. Mtu anasafiri saa mbili kukifuata, anafungua kifuniko, anakuta penseli na maji ya mvua. Mwishowe mwenye kasha au mwenye kidude anabonyeza kitufe cha kukiri kwamba hakipo, na kidude kinahamishiwa mahali ambapo tovuti inapaita pasipojulikana. Jina hilo lina uzito kwa mtu aliyekuwa akifuatilia safari pamoja na mwanawe. Hasira inayofuata mimi sioni sababu ya kuibeza. Ninachopinga ni pale inapoelekezwa. Neno la kwanza linalotamkwa ni wizi, na kwa kuwa mwizi hajulikani, mjadala unaishia kwenye laana, halafu mwenye kidude anaapa kutoachia kingine. Nadhani utambuzi huo wa ugonjwa ni wa makosa, na ndiyo maana haujaleta dawa.

Sikatai kwamba wezi wapo. Sarafu zenye rangi na nakshi huwavutia wakusanyaji, na mtu mmoja mwenye tamaa anaweza kuyapitia makasha kumi kwa siku moja. Lakini tazama njia ambazo kidude kinaweza kutoweka bila mtu yeyote kuiba. Kasha husombwa na mafuriko, au hukatwa na mashine ya kufyekea majani. Mtoto anakuta mwanasesere na hajui kusoma kibamba. Mtu asiyecheza kabisa anaokota chupa yenye vitu vya ajabu na kuitupa kwenye taka kwa nia ya kusafisha bustani. Halafu kuna njia ambayo nadhani ndiyo pana kuliko zote: mchezaji mpya anajaribu mchezo wikiendi mbili, anachukua kidude kwa furaha, anakiweka kwenye droo ya gari akisubiri kasha litakaloendana na safari yake, kisha kazi inambana, anafuta programu kwenye simu, anauza gari. Hakuna dakika hata moja ambayo mtu huyu aliamua kuiba. Kitu kilimpitia mikononi bila kumwambia kwamba kuna mtu anayekingoja.

Juu ya hilo tuna ushahidi mzito, ingawa haukutoka kwenye mchezo huu. Mwaka 2019 jarida la Science lilichapisha utafiti wa Alain Cohn na wenzake, ambao waliandaa pochi zaidi ya 17,000 na kuzikabidhi kwenye kaunta za benki, hoteli, posta, vituo vya polisi na majumba ya makumbusho katika miji 355 ya nchi 40, Kenya ikiwa mojawapo. Aliyekabidhi alidai ameiokota nje, akaondoka. Kila pochi ilikuwa ya plastiki inayoonyesha vilivyomo: kadi zenye jina na anwani ya barua pepe ya mwenyewe, orodha ya vitu vya sokoni iliyoandikwa kwa lugha ya nchi husika, na ufunguo. Baadhi zilikuwa na fedha, nyingine hazikuwa nazo. Watu wengi wangetabiri kwamba zenye fedha zingepotea zaidi. Ikawa kinyume. Kwa wastani watu walimtafuta mwenye pochi isiyo na fedha mara 40 katika kila 100, na mwenye pochi yenye fedha mara 51. Katika nchi tatu watafiti walijaribu pia pochi zenye fedha lakini zisizo na ufunguo. Ufunguo hauna faida yoyote kwa aliyeokota. Una maana kwa mwenyewe tu. Pochi zenye ufunguo zilirudi zaidi.

Mimi nauona ufunguo ule kuwa kiini cha jambo zima. Mtu hurudisha anapoweza kumwona mwenye mali: jina lake, ununuzi wake wa jioni, mlango ambao hawezi kuufungua. Sasa kiweke kidude mbele ya mtu yuleyule mwaminifu. Ataona nini? Namba ya herufi na tarakimu, anwani ya tovuti, na mwanasesere asiye na macho. Hakuna jina wala sababu. Ile shabaha ya safari, ambayo mwenyewe aliiandika kwa upendo, iko kwenye ukurasa ambao aliyekiokota hatauona mpaka aingize namba, na kwa kawaida mtu huingiza namba akiwa tayari amejua kwamba inafaa kuingizwa. Tumeficha ufunguo kisha tunashangaa pochi haikurudi. Mtu anaweza kunijibu kwamba karani wa hoteli yuko mbele za watu, ilhali anayefungua kasha yuko peke yake chini ya mti. Ni kweli, na tofauti hiyo si ndogo. Lakini inazidisha uzito wa hoja yangu. Pale ambapo hakuna jicho la mwingine, kinachobaki kumkumbusha mtu wajibu wake ni kitu chenyewe alichokishika, na hicho tumekiacha bubu.

Watu wetu wanaijua hali hii kwa upande wake wa pili. Mtu wa Kyela akimtumia nduguye Dar es Salaam mchele kwa basi, anaukabidhi kwa konda ambaye hamfahamu na huenda asimwone tena. Mzigo unafika. Unafika kwa sababu ubavuni umeandikwa kwa kalamu ya wino mzito jina na namba ya simu, na kwa sababu tangu basi lipite Chalinze kuna mtu stendi anayepiga simu kila nusu saa. Hali ni hiyohiyo kwa anayetoka Muscat au Dubai na kubebeshwa na jirani kifurushi cha mama yake Mombasa: uaminifu wa mbebaji ni wake, lakini unasindikizwa na macho ya wanaongoja. Kidude hakina wa kukipokea stendi. Kila anayekibeba ni konda katika basi ambalo mwisho wa safari hakuna anayelisubiri, na anayejali yuko nyuma, mahali kilipoanzia, kimya, akitazama ramani. Mfumo wa namna hiyo ukiendeshwa na malaika ungepoteza vitu pia, maana malaika naye angehitaji kuambiwa mzigo ni wa nani.

Mfano bora wa namna ya kuandika juu ya kitu kinachosafiri peke yake umewahi kutua mashambani mwetu. Mwaka 1899 mwalimu wa Denmark, Hans Christian Mortensen, alianza kuwafunga kwenzi pete nyepesi za alumini mguuni, zenye namba na anwani, na kazi hiyo ikaenea Ulaya nzima. Korongo weupe wanaovuka hadi mbuga za Afrika Mashariki kila mwaka hubeba pete za vituo vya huko kwao, na zile za Ujerumani zimeandikwa neno la Kilatini, Germania, badala ya jina ambalo Wajerumani wenyewe wanaita nchi yao. Aliyechagua neno lile alimfikiria mtu asiyemjua, katika nchi asiyoifahamu, akiokota mguu wa ndege mfu na kujiuliza amwandikie nani. Pete ni ndogo mno kubeba maelezo, lakini katika upana wa milimita kadhaa ilipatikana nafasi ya kumjali msomaji. Kibamba cha Travel Bug kinafungwa kwenye mwanasesere mwenye mgongo mzima mtupu, na wenyewe wengi hawaandiki hata sentensi moja pale.

Kwa hiyo ninachowadai wenye vidude ni kwanza wao wenyewe wabadilike. Kila kidude kiwe na kadi iliyofunikwa plastiki, yenye maneno yanayoeleweka na mtu ambaye hajawahi kusikia mchezo huu: mimi ni wa mtu, niko safarini, huyu aliyeniachia anatazama kila siku niko wapi, tafadhali andika namba yangu, na kama huwezi kunisogeza niache nilipo. Yaandikwe kwa lugha ya nchi kinakoanzia na ya nchi kinakoelekea. Kidude kinachokusudiwa kupanda Kilimanjaro hakina sababu ya kukosa mstari wa Kiswahili, kwa kuwa atakayekiona kimeanguka njiani huenda akawa mpagazi, na mpagazi huyo ana uwezo wa kukifikisha kileleni kuliko mtalii yeyote. Na mwenye kidude akiona mwezi umepita tangu mtu akichukue, amwandikie kwa upole akimwuliza safari inaendeleaje. Sauti ya mtu anayengoja stendi ndiyo inayokosekana, na tovuti ina njia ya ujumbe inayoiwezesha. Anayeanza na tuhuma amefunga mlango ambao kidude kingepitia.

Sehemu ya pili ya deni iko kwa wenye makasha, na hawa wamesamehewa mno. Mwenye kasha ana mamlaka ya kutia alama kwamba kidude hakimo tena. Wengi hawafanyi hivyo kwa miaka, labda kwa sababu kasha linaloonekana kujaa vidude huvutia wageni. Matokeo yake ni daftari linalodanganya. Mtu akishasafiri mara tatu kufuata vidude hewa, ya nne haamini tena, na asiyeamini daftari haoni kwa nini yeye aliandike. Hapo ndipo upotevu wa kitu kimoja unapozaa upotevu wa kingine. Yapo hata makasha ambayo wenyewe wameweka sharti kwamba huwezi kutoa kidude bila kuingiza kingine, ili hesabu isipungue. Sharti hilo linageuza kituo cha safari kuwa kizuizi, na mchezaji hana wajibu wa kulitii.

Kuna wanaosema hii ni kelele kubwa kwa kitu kidogo, kwamba dunia yenye njaa na vita haina nafasi ya kuomboleza mwanasesere. Sina nia ya kulinganisha. Lakini ukubwa wa kitu haujawahi kuwa kipimo cha amana. Mtoto anayetumwa dukani na chenji ya shilingi mia hufundishwa kurudisha mia, na hakuna mzazi anayemwambia kwamba kwa kuwa ni ndogo haina neno. Wanaotoa pingamizi gumu zaidi ni wale wanaosema aliyeachia kitu porini alikubali kukipoteza tangu mwanzo. Hapa kuna maneno mawili yamechanganywa. Mtu anayeachia kidude amekubali hatari ya safari: mvua, moto, mbwa, mkono wa mtoto. Hajakubali kwamba mtu mzima anayejua sharti akiweke kabatini. Sheria ya Kiislamu, ambayo watu wa pwani wameishi nayo karne nyingi, inaitenganisha hali hiyo vizuri: aliyeshika amana ikapotea bila uzembe wake halipi kitu, na aliyezembea anawajibika. Kati ya hizo mbili kuna nafasi ya kutosha kwa huruma na kwa lawama, kila moja mahali pake. Kusema tu kwamba kupotea ni sehemu ya mchezo ni kuwaweka mafuriko na mzembe kwenye fungu moja.

Wengine wamekata tamaa wakaamua kutopoteza chochote kwa kutoachia chochote. Wanakaa na kitu halisi nyumbani na kutuma nakala ya karatasi yenye namba. Au wanagawa namba kwa orodha, watu wakaandika kwamba wameviona vidude ambavyo hawajawahi kukaa navyo chumba kimoja. Nakala naielewa: mwenye sarafu ya ukumbusho ana haki ya kuilinda, na karatasi inayosafiri kwa kweli bado inasafiri. Orodha za namba sizielewi. Zinajaza daftari maandishi ambayo hayahusu mkono wala njia yoyote, na zinamfundisha mchezaji mpya kwamba kuandika ni kujikusanyia alama. Kipande cha Mars kinaweza kuwa kisingizio chao, kwa kuwa nacho huandikwa na wasiokigusa. Lakini anayekiandika anasoma namba kwenye picha iliyopigwa na mashine iliyopo pale, na kitu chenyewe kipo.

Wapo pia wanaotaka ulinzi mkali: kufuli, dhamana ya fedha, kufungia akaunti za wanaochelewa. Kwa kawaida hutaja baiskeli nyeupe za Amsterdam. Mwaka 1965 vijana wa kundi la Provo, kwa wazo la Luud Schimmelpennink, walipaka baiskeli chache rangi nyeupe na kuziacha barabarani bila kufuli ili yeyote azitumie na kuziacha kwa mwingine, na hadithi inayosimuliwa ni kwamba watu waliziiba zikaisha. Yanayosahaulika ni kwamba polisi ndio waliozikamata, wakisema sheria ya mji hairuhusu kuacha baiskeli bila kufuli. Tangu hapo jaribio lile limetumika duniani kote kuthibitisha kwamba binadamu haaminiki na kitu cha bure, ilhali waliozichukua walikuwa wakitekeleza amri. Naiona hatari hiyohiyo katika mchezo huu. Ukimtungia sheria mwizi ambaye hujathibitisha kwamba yupo, utakayemnasa ni yule mgeni wa wikiendi mbili, na ukimfungia akaunti umekata uzi pekee uliokuwa umebaki kati yako na droo yake.

Na uzi huo ni mrefu kuliko watu wanavyodhani. Namba ya kidude haifi. Hata kikishatiwa alama ya kutojulikana kilipo, siku namba itakapoingizwa tena mstari unaendelea pale ulipokatikia, na vipo vidude vilivyoibuka baada ya miaka mingi ya kimya, vikatolewa kwenye begi la kambi au sanduku la kuhama nyumba. Kwa hiyo aliye nacho leo, huko Munich, Leeds au Nairobi, aliyekichukua mwaka aliosahau na ambaye sasa anaona haya kukirudisha, ajue kwamba mwenyewe hajafunga ukurasa. Akipeleke kwenye kasha lililo karibu, aandike tarehe na mahali. Hakuna fomu inayomtaka aeleze kilikuwa wapi muda wote huo, na mwenyewe, akipata ujumbe ule asubuhi, hatauliza.